Wiki mbili kati ya tope na mbigili: nilivyopanga safari ya baiskeli na kambi Kondoa

Safari ya baiskeli za milimani katika mkoa wa Dodoma niliianzia kwenye kalenda, ramani ikafuata. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Zikishakatika, udongo mweusi wa mbuga unabaki unanata kwa wiki kadhaa. Tairi linabeba tope mpaka linagusa fremu, gurudumu linagoma kuzunguka, na ukizidi kukanyaga pedeli, derela (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kati ya gia) inavutwa nyuma na kishikio chake kinakatika. Ukingoja mpaka katikati ya Juni, tope limekwisha, lakini mbigili, miiba inayotoboa matairi, nazo zimeshakauka na kuwa ngumu kama misumari, na upepo wa kipupwe umeanza kuvuma mchana kutwa.

Kwa hiyo nilichagua siku ndani ya wiki mbili za mwisho za Mei. Vilima vya Kondoa bado vina majani, mchanga wa kwenye makorongo una unyevu kidogo kwa hiyo unabeba tairi, na usiku hauna baridi kali. Kitu kimoja cha kukumbuka ni kwamba huo ni wakati wa kuvuna. Mtama, uwele na alizeti viko shambani au vimelazwa kando ya njia, kwa hiyo njia ya baiskeli ni ile ile wanayopita watu na ng'ombe. Kukata kona ndani ya shamba ni kumharibia mtu chakula cha mwaka mzima.

Tulikuwa watano: waendesha baiskeli wanne na dereva mmoja, gari moja, siku nne, usiku tatu. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni kilomita 160 hivi, na kijiji cha Kolo, kitovu cha safari yetu, kipo kilomita ishirini na kitu mbele yake kwenye barabara hiyo hiyo ya Babati. Ni lami mwanzo hadi mwisho, tena ya kuvutia mwendo, na hapo ndipo penye hatari: vijiji vimefuatana, kikomo ni kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na mbuzi hawana saa ya kuvuka. Niliipangia muda wa saa nne pamoja na kusimama, ili tufike Kolo kabla ya adhuhuri.

Baiskeli nne nyuma ya gari hufunika namba na taa. Kabla ya kuondoka, simama hatua kumi nyuma ya gari uangalie kama namba inasomeka na taa za breki zinaonekana. Kama hazionekani, hamishia baiskeli mbili kwenye keria ya juu. Pedeli ya baiskeli moja isiguse fremu ya jirani yake. Tyubu kuukuu iliyokatwa na kuviringishwa inatosha kuzitenganisha. Na kama unatoa magurudumu kwenye baiskeli yenye breki za mafuta, pachika kipande cha boksi gumu katikati ya pedi za breki. Mtu akibonyeza mkono wa breki bila diski katikati, pedi zinabana na hazirudi, na utapoteza nusu saa ukizitanua kwa bisibisi.

Maji ndiyo hesabu niliyoirudia mara nyingi kuliko zote. Niliweka lita 10 kwa mtu kwa siku: tano za kunywa, tatu za kupikia na kuoshea vyombo, mbili za kunawa na kujimwagia. Watu watano ni lita 50 kwa siku. Sikutaka kutegemea kisima chochote kwa siku mbili za kwanza, kwa hiyo tulibeba lita 100, yaani madumu matano ya lita 20. Hizo ni kilo 100. Ziweke chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma, la sivyo gari litainua pua na kuyumba kwenye kona. Visima vingi vya ukanda huu wa kati vina maji ya chumvichumvi. Yanafaa kuoshea vyombo, lakini mtu aliyetoka kupanda kilima juani hatakunywa ya kutosha kwa sababu ladha inamkataza. Hilo ni hatari kuliko kukosa maji ya kuoga. Kwa anayetoka jasho sana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Chumvi ikizidi inadhuru.

Chakula nakipita haraka: unga, mchele, dagaa, maharage yaliyochemshwa nyumbani na kugandishwa, karanga, ndizi za kula siku ya kwanza, na viazi vitamu vya kuchemsha kwa ajili ya mfukoni. Jiko la gesi la mtungi mdogo lilitutosha, na nilikataza kukata kuni. Sehemu kubwa ya vilima vya Kondoa iliwahi kuwa jangwa la makorongo kwa sababu ya kukata miti na mifugo kuzidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Miti unayoiona leo imerudi kwa gharama ya wenyeji.

Sasa matairi. Mbigili ni mmea unaotambaa, wenye maua madogo ya njano. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba miwili mirefu ambayo, kikianguka vyovyote vile, mmoja unabaki umeangalia juu. Haipendi msitu wala majani marefu. Inapenda ardhi iliyokanyagwa: mbele ya nyumba, pembeni mwa zizi, uwanja wa shule, kando ya barabara ya vumbi. Ndiyo maana pancha nyingi hazitokei kwenye njia ya milimani, zinatokea pale mtu anapotoka njiani kwenda kuegesha baiskeli chini ya mti. Sheria niliyoiweka ni moja: ukifika kambini au kwenye duka, nyanyua baiskeli begani hatua ishirini za mwisho. Usiikokote.

Baiskeli mbili zilikuwa na matairi yasiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba ndani. Kwa tairi la inchi 29 kwa 2.35 nilitia mililita 120 kila moja, wiki moja kabla ya safari, kwa sababu joto letu linakausha dawa upesi na iliyowekwa miezi mitatu nyuma huwa imeshaganda vipande. Upepo kwa mwendeshaji wa kilo 70: psi (kipimo cha upepo wa tairi) 22 mbele na 25 nyuma. Baiskeli mbili za tyubu nilizipa psi 30, zikipungua tairi linabana tyubu kwenye rimu na kuikata matundu mawili sambamba. Kwenye korongo la mchanga, wasio na tyubu wanaweza kushuka hadi 18, mradi pampu ipo ya kurudishia.

Pancha ya mbigili kwenye tyubu inahitaji subira. Watu hutoa tyubu, wanabandika kiraka, wanarudisha, na baada ya mita mia mbili imekwisha tena. Sababu ni kwamba ncha ya mwiba imekatikia ndani ya mpira wa tairi, fupi kuliko punje ya mchele, na kidole chenye sugu hakiihisi. Chukua kipande cha kanga au pamba ya zamani, kipitishe taratibu ndani ya tairi lote, kwanza upande mmoja kisha urudi kinyume. Pale nyuzi zinaponasa ndipo ncha ilipo. Isukume kutoka ndani kwenda nje kwa ncha ya bisibisi ndogo, kisha angalia nje ya tairi kwa sababu mbigili moja huwa na wenzake. Ndipo ubandike kiraka: kwangua tyubu kwa msasa mpaka mng'ao wake ufe, paka solusheni nyembamba, ngoja dakika tano ikauke kabisa, bandika, bonyeza. Solusheni mbichi haishiki, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Vipuri tulivyobeba: tyubu mbili kwa kila baiskeli, hata zile zisizo na tyubu, viraka 30, pampu mbili, kikatio cha cheni na viungio viwili vya cheni kwa kila idadi ya gia tuliyokuwa nayo, maana kiungio cha gia 10 hakikai kwenye cheni ya gia 12, kishikio cha derela cha kila baiskeli, kwa kuwa kila fremu ina umbo lake na fundi wa kijijini hatakuwa nacho, jozi moja ya pedi za breki kwa kila aina, funguo za alen za 4, 5 na 6 na nyota ya T25. Mafuta ya cheni yawe mepesi au ya nta. Mafuta mazito hunasa vumbi jekundu na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Kila jioni futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja kwenye kila kiungo, subiri, futa tena yaliyobaki nje.

Kwa njia, nilipanga kilomita 30 hadi 35 kwa siku, si zaidi. Kwenye barabara ya vumbi ya kijiji watu wanne hufanya kilomita 14 kwa saa. Kwenye njia za miguu zenye kupanda na kushuka ni 8 au 9. Kila mita 100 za kupanda niliziongezea dakika 12. Mwishoni mwa Mei jua linachomoza karibu saa 12 na dakika 40 asubuhi na kuzama saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo tuliondoka saa 1 na kila siku ilipaswa kwisha saa 9 alasiri. Kolo ilikuwa kitovu: siku moja upande wa Pahi, siku moja kuelekea Haubi penye ziwa, siku moja ya michoro ya miambani. Gari lilikutana nasi mara moja katikati ya siku mahali palipotajwa kwa jina na kwa saa, maana mtandao wa simu hupotea nyuma ya vilima. Kwenye makorongo makubwa, usipite ukingoni. Maji yamekula chini na juu umebaki mdomo wa udongo ulioning'inia. Unaonekana imara mpaka uukanyage.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Hairuhusiwi kwenda peke yako: unapita kwanza ofisi ya wasimamizi wa michoro pale Kolo, unalipia, unapewa kibali na mtu wa kuwaongoza. Sehemu ya mwisho ya kupanda ni ya miguu, baiskeli zibaki kwenye gari. Usiguse mwamba wala kuumwagia maji ili picha ing'ae. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko ya wenyeji, kwa hiyo ukikuta sadaka pale, iache ilivyo.

Usiku wa nje ya Kolo, nenda ofisi ya kijiji kabla ya saa 10 alasiri, ukamwone mtendaji au mwenyekiti. Vua kofia, usifike na baiskeli ukiwa umeikalia. "Shikamoo mzee. Tunatoka Dodoma mjini, tuko watano, tunaomba mahali pa kulala usiku mmoja na tutaondoka asubuhi." Jibu huwa ni karibuni wanangu, kisha maswali, kisha jina lako linaandikwa kwenye daftari la wageni. Daftari hilo ni ulinzi wenu: kijiji kizima kinajua mko wapi.

Hema lisiwe ndani ya korongo la mchanga hata kama limekauka, wala chini ya tawi kavu. Fagia eneo kwa tawi la majani kwanza, tandika turubai, ndipo hema. Ardhi ya Mei ni ngumu juu. Vigingi vya alumini vinajikunja, kwa hiyo tulitumia misumari ya inchi 6. Chakula chote kilale ndani ya gari na milango ifungwe, kwa sababu fisi wapo na wana pua. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi huvutia mbung'o; ukielekea upande wa pori la akiba la Swagaswaga vaa kaki au kijivu.

Mkirudi, kabla ya kuingiza baiskeli ndani ya geti, zungusha kila tairi taratibu na kung'oa mbigili zilizobaki kwa koleo. Ziweke kwenye kopo na uzichome moto. Mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua, na ukizitupa uani, kifuku kijacho zitaota mbele ya mlango wako.