Magoti yanauma? Anza na upawa wa mawese

Kila kilo 1 unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kila unapokanyaga. Hesabu hiyo ilipatikana Marekani kwa kupima mwendo wa watu wazima wanene wenye magoti yaliyosagika, ikachapishwa mwaka 2005. Kwa mama wa kilo 95, lengo la kwanza liwe kupunguza kilo 5, kisha zifike 10. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini, likilika halirudi, lakini maumivu hupungua na kutembea kunakuwa rahisi.

Hapa Kigoma watu wakiambiwa wapunguze uzito hukimbilia kuacha ugali. Sisi tunasema anza na mawese. Kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi. Upawa mdogo wa mililita 50 una zaidi ya 400. Kisamvu cha watu wanne kikimwagiwa pawa tatu, kila mmoja amekula kilokalori 300 za mafuta kabla hajagusa tonge. Usiyafukuze jikoni, mawese mekundu yana faida yake kwa vitamini A. Yapime tu: vijiko viwili vya chakula kwa sufuria hiyo, na ukiunga kwa karanga, kimoja kinatosha.

Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, uchome, au uchemshe na nyanya, kitunguu na ndimu. Ukikaangwa hunywa mafuta mengi. Dagaa wakavu waoshe kwa maji ya moto, wapike na nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Sahani yako nusu iwe mboga za majani, robo samaki au maharage, robo ugali, bonge lisizidi ngumi yako. Chai ya vijiko vidogo vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni kilokalori 150 hivi zisizoshibisha. Asali, hata ile nzuri ya Tabora, ni sukari vilevile. Na mama anayepika akumbuke ukoko na mabaki ya watoto: hivyo navyo ni chakula.

Kosa kubwa ni kujinyima hadi kulala njaa, au kubaki na ugali wa muhogo na mboga tupu. Muhogo una protini kidogo mno. Kilo zitashuka, ila sehemu yake ni misuli ya paja, nayo ndiyo inayolishikilia goti. Goti linalegea na maumivu yanabaki palepale, mtu anakata tamaa. Kwa hiyo samaki au maharage yawepo kila mlo, pamoja na zoezi hili: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie sekunde 5, ushushe taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Matembezi fanya pa tambarare. Kushuka vilima vya mjini hulielemea goti kuliko unavyodhani.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kununua dukani na kumeza kila siku huumiza tumbo na figo.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Wiki ya kwanza kilo zinaweza kushuka haraka. Nyingi ni maji. Uzito ukisimama wiki tatu, rudi kwenye sufuria ukapime mawese upya kwa kijiko, kwa sababu mkono huzoea kumimina.