Dar kwa miguu, kutoka Kivukoni mpaka Mnazi Mmoja

Makao makuu ya nchi ni Dodoma, nami ni mkazi wa Dodoma na ninaipenda. Hata hivyo, anayetaka kuona kwa macho jinsi nchi hii ilivyopita mikononi mwa Sultani, Mjerumani na Mwingereza mpaka ikafika kwetu wenyewe, lazima ateremke pwani. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari yenyewe imekuwa nyepesi. Unaondoka asubuhi, na jua halijasimama vizuri umeshashuka Dar, joto la bahari linakupokea hapohapo stesheni.

Jioni ya kwanza binamu yangu anayeishi Kinondoni alinipeleka Daraja la Tanzanite. Lilifunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita 1.03, na linaunganisha upande wa Hospitali ya Aga Khan na Oysterbay. Tuliegesha gari tukavuka kwa miguu, na nakuomba nawe ufanye hivyo, maana ndani ya gari daraja linaisha hujaona kitu. Ukitokea mjini, mkono wa kushoto kuna mikoko ya Mto Msimbazi unapoingia baharini, na nyuma yake Daraja la Salenda la zamani. Mkono wa kulia ni bahari tupu. Meli zimetia nanga mbali kule, zinasubiri zamu ya kuingia bandarini.

Mbele ya daraja ni Coco Beach, na Coco ni mihogo. Muuzaji wetu aliitoa kwenye karai ikiwa imeiva rangi ya dhahabu, akapasua kila kipande katikati kwa kisu, akanyunyiza chumvi na pilipili, kisha akamwagia chachandu mpaka ikaingia kwenye ufa. Nje mgumu kidogo, ndani unga mtupu. Tulikula tumesimama, watoto wa watu wakikimbizana na mawimbi. Hakuna geti wala kiingilio, na kwangu hilo ni sehemu ya uzuri wa pale.

Kesho yake nilianza mapema, peke yangu, Barabara ya Sokoine. Boma la Kale bado limesimama, kuta zake nene za mawe ya matumbawe, tangu Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Hatua chache mbele kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha Azania Front lenye paa la vigae vyekundu. Yote mawili yalianza kujengwa enzi za Mjerumani, mwishoni mwa miaka ya 1890. Zamani baharia akiingia bandarini alikuwa anaona minara hiyo kwanza. Siku hizi maghorofa ya vioo yameifunika.

Kama unataka kuuona mji ulivyokaa, panda pantoni pale Feri uvuke kwenda Kigamboni, kisha urudi nayo hiyohiyo. Nauli ni ndogo na safari ni ya dakika chache. Mlango wa bandari ni mwembamba mno. Meli kubwa ya makontena ikipita, pantoni inasubiri, na abiria wote wanainua vichwa kuitazama. Kutoka katikati ya maji ndipo unaona vizuri upinde wa Kivukoni, makanisa, maghorofa na miti. Soko la samaki liko palepale. Nilipita mnada ukiwa umepamba moto, jodari na kolekole wamelazwa sakafuni, dalali anapandisha bei kwa pumzi moja.

Ikulu ya Magogoni niliipita kwa nje tu, kamera mfukoni, kama inavyotakiwa. Makumbusho ya Taifa yana fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na bustanini kuna kumbukumbu ya waliouawa kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Hapo nilisimama muda. Nilikuwa kijana wakati ule, na redio ya nyumbani haikuzimwa siku nzima.

Jirani na Makumbusho, upande wa Samora, kuna Bustani ya Mimea, na hapa ndipo nilipokaa kuliko kokote. Ilianzishwa mwaka 1893 na Mjerumani Stuhlmann, aliyekuwa mkuu wa kilimo, kama shamba la kujaribia mimea. Iliyobaki leo ni ndogo kuliko ilivyoanza. Lakini ingia ndani. Kelele za Posta zinapungua, na jua linabaki juu ya majani. Kuna aina nyingi za michikichi, kuna mijakaranda, na mikrismasi imetandaza matawi kama mwavuli. Kwenye shina moja nilipitisha kiganja, gome limepasukapasuka na sisimizi wamejipanga kwenye ufa, wanapanda na kushuka. Ni nje ya mlango tu ambapo jua la saa sita linaunguza lami.

Mzee mmoja alikuwa ameketi pale na gazeti lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wewe?"

"Natoka Dodoma."

"Aa, kwa wakubwa huko! Sasa mnapanda miti, au mnajenga tu?"

Nilimwambia ukweli, kwamba miti tunapanda, ila mingi inakufa kiangazi kwa kukosa mtu wa kuimwagilia. Akakunja gazeti. "Hii yote mnayoiona ilimwagiliwa na watu," akasema. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani, na nimeshalifikisha kwa mjumbe wa mtaa wetu.

Kutoka hapo ni Samora moja kwa moja mpaka Sanamu ya Askari. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiangusha. Huyu askari wa shaba alizinduliwa mwaka 1927, singe yake imeelekea bandarini, na maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawakumbuka pia wapagazi waliobeba mizigo ya vita. Kambi ya wapagazi hao ilikuwa Kariakoo ya leo, kwa hiyo nikaamua kuelekea huko. Nilipita Mnara wa Saa, uliojengwa Dar ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961, nikatokea Mnazi Mmoja.

Uwanja huu haukuachwa wazi kwa wema. Wakoloni waliigawa Dar: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikawekwa kati ili watu wasikaribiane. Lakini kando yake, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, ndiko TANU ilikoundwa Julai 7, 1954. Leo watu wanaswalia Idi hapa, mashujaa wanakumbukwa hapa, Mwenge wa Uhuru uko juu ya mnara wake. Nilipofika, vijana walikuwa wanacheza mpira, akina mama wametua vikapu vya sokoni, na mzee wa Kihindi anabishana na muuza kahawa kuhusu Simba na Yanga. Palipowekwa kutenganisha watu ndipo wanapokutania, na sikuona mandhari iliyonifurahisha zaidi Dar nzima.

Ukishuka SGR na una saa mbili tu kabla ya shughuli zako, achana na hayo mengine uanzie hapa. Kutoka stesheni ni mwendo wa miguu, kivuli kipo, na kahawa inauzwa na kashata.