Kuhesabu karata: nilianzia barazani Ngamiani

Kuhesabu karata nilifundishwa na wazee wa kahawa wa Ngamiani, hapa Tanga. Anayejua wahedusitini atanielewa: ree ni pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Pakiti nzima ina 120, ukifikisha 61 umeshinda. Sasa kaa na babu anayebishana kuhusu Coastal Union huku anatafuna kashata, halafu zikibaki karata tatu anakwambia, "Mjukuu wangu, hiyo saba ya shupaza iteremshe tu, unaificha ya nini?" Kumbe zote zilizotoka anazo kichwani.

Kwa hiyo nilipokutana na hesabu za blakijeki, mchezo wa kasino wa kukaribia 21 bila kuipita, nilicheka. Ikitoka 2 mpaka 6 unaongeza moja. 7, 8 na 9 unaziacha zipite. Ikitoka 10, mzungu yeyote au ree, unapunguza moja. Hesabu ikipanda, ndogo zimekwenda na kubwa zimebaki, na kubwa zinamfaa mchezaji: blakijeki yenyewe, yaani ree na karata ya 10, kwenye meza nzuri inalipa dau mara moja na nusu, na mgawaji mwenye 16 analazimika kuchukua nyingine, akipata kubwa anapita 21, anaungua. Mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alilianika jambo hili mwaka 1962.

Nilijifua miezi mitatu. Nafunua pakiti, karata mbili mbili, mwisho lazima nitue kwenye sifuri. Nilianza na dakika mbili, nikashuka hadi sekunde 28. Chumbani, yaani. Nilipojaribu kwenye simu katikati ya soko la Mgandini, muuza dagaa akiniita tu, hesabu imeruka. Mama aliniuliza siku hizi nanung'unika nini, nikamwambia hesabu. Sikumdanganya, ila sikumalizia.

Safari ya kwanza kasino ya Dar niliaibika peke yangu. Saa mbili nzima nahesabu, jasho linanitoka, ndipo nikaona karata zilizochezwa zinarudishwa papo hapo kwenye mashine inayochanganya mfululizo. Hakuna kilichokwisha wala kilichobaki, nilikuwa nahesabu mawimbi ya Raskazone. Nikatafuta kwingine, nikapata meza ya pakiti sita, karata 312, zinachanganywa kwa mkono. Hapo unagawa hesabu yako kwa pakiti zilizobaki: ukiwa na 6 na zimebaki pakiti tatu, ya kweli ni 2.

Nilikuwa na shilingi 1,200,000, nilizojiambia kuwa zimeshapotea. Kawaida naweka 10,000, hesabu ya kweli ikifika 3 naweka 40,000. Na faida yenyewe hapo? Asilimia moja hivi, yaani buku kwa kila laki unayoweka mezani. Muuza mihogo anakushinda.

Safari ya tatu ndiyo iliyonipima. Sikukosea hata karata moja, nikaondoka bila 480,000. Hesabu iko juu, nimeweka kubwa, nina 20, mgawaji anajipatia 21. Mara nne. Jirani yangu akanipa pole, akasema meza ina mkosi, niongeze dau nirudishe. Nilitamani sana. Nilichoweza, na ndicho ninachojivunia kuliko hela, ni kurudi kwenye 10,000 hesabu iliposhuka, nikiwa nimefura hivyo hivyo.

Safari ya saba msimamizi aliniinamia kwa adabu: "Kaka, karibu michezo mingine, ila hii basi." Sikubishana. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa tu, sikuiba, lakini meza ni yao, na dau linalopanda na kushuka kama langu linajulikana. Nikipiga hesabu na nauli, gesti na chipsi mayai, nilibakiwa na 215,000 kwa safari zote.

Niliporudi barazani babu aliniuliza nimepotelea wapi wikiendi zote hizo. Nikamwambia, Dar, kikazi. Akagawa karata, tukacheza, akanifunga 74 kwa 46.