Saa 30 za Istanbul na Magoti ya Mama

Tangu jana usiku nalitazama daftari hili. Nataka kuandika tulichokiona Istanbul, na kila nikianza najikuta naandika tusichokiona.

Tulikuwa na saa 30 tu. Tulitoka Ujerumani kumtazama mjukuu mpya wa Mama, tukatua Jumanne saa tatu asubuhi, na ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa Jumatano alasiri. Mimi kwa kiherehere changu niliandika orodha ya sehemu 14, kila moja na dakika zake: msikiti huu dakika 40, mnara ule 25, soko saa moja. Mama aliisoma kwenye ndege, akavua miwani, akaniuliza, "Na kukaa tunakaa saa ngapi, mwanangu?" Nilicheka. Sikumjibu.

Uwanja uko mbali na mji, kama kilomita 40. Tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Gayrettepe, tukabadilisha, tukabadilisha tena, tukaishia kwenye tramu ya T1 inayopita Sultanahmet. Kadi moja ya nauli, Istanbulkart, ilitutosha wawili: nagonga, Mama anapita, nagonga tena, napita mimi. Hadi tunaweka mizigo kwenye nyumba ya wageni ilikuwa karibu saa sita mchana. Orodha yangu ilidhani muda huo tungekuwa sehemu ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa Topkapı, kasri walilokaa masultani wa Uthmania karibu miaka 400. Langoni mlinzi alitikisa kichwa: "Salı, kapalı." Salı ni Jumanne. Kapalı ni kufungwa. Kila Jumanne kasri hufungwa, na habari hiyo iko wazi kwa yeyote anayejisumbua kuangalia. Mimi niliyepanga hadi dakika za kwenda msalani sikuangalia siku.

Mama alikuwa keshapata ukuta mfupi wa kukalia. Akapita mzee wa miaka kama 80 na kikapu cha mikate ya duara yenye ufuta, ile wanayoiita simit, akamwinamishia kichwa: "Merhaba." Mama akanigeukia ameshtuka. "Mbona ananiitikia? Nani kamwamkia?"

Nikamweleza kwamba kwao hiyo ndiyo salamu yenyewe, haisubiri shikamoo. Hakuridhika. Mtu mzima yule, kwa nini aitikie bure? Basi toka hapo kila alipomwona mzee anakuja, Mama alimnong'onea "Shikamoo" kwanza, kisha akasubiri. Merhaba ikija, anatikisa kichwa: hesabu imekaa sawa. Na hesabu nako huko wanaiita hesap, ndiyo unayomwomba mhudumu ukimaliza kula. Saa ni saat, habari ni haber, askari ni asker, na dakika ni dakika hivyohivyo. Mama alianza kuyaokota maneno hayo njiani kama mtu anayekuta vitu vyake nyumbani kwa jirani.

Adhuhuri ilitukuta mlangoni mwa msikiti wa Ayasofya. Hapo tuliachana. Siku hizi wanaokwenda kusali wanaingia chini bila malipo, watalii wanapanda roshani ya juu kwa mlango wao na tiketi ya euro 25. Nilitaka kuona michoro ya roshani, na isitoshe sikuwa na haki ya kusali siku ile. Mama alisikia bei, akaguna, akaenda zake kusali.

Huko juu hupandi ngazi, unapanda njia ya mawe yenye mteremko, inazunguka gizani mpaka ghafla unatokea kwenye mwanga. Jengo lilikamilika mwaka 537, baada ya miaka mitano tu ya ujenzi. Lilikuwa kanisa, likawa msikiti 1453, serikali ikaligeuza jumba la makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Kwenye ukingo mmoja wa marumaru nilitafuta alama hafifu kuliko mkwaruzo wa ukucha: maandishi ya Waviking, yanayokisiwa kuwa ya karne ya 9. Yamefutika karibu yote, limebaki jina, Halfdan. Mtu katoka kaskazini ya Ulaya, kaona jengo kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, na la kufanya likawa kuchora jina lake. Nilisimama pale na simu mkononi, nimeshapiga picha 60, nikamwelewa vizuri sana.

Niliinama kumtafuta Mama chini, nisimwone. Niliviona vibao vile vikubwa vya duara, vina upana wa zaidi ya mita saba, vyenye majina, yakiwemo ya Abubakar, Umar, Uthman na Ali. Niliangalia saa. Nikashuka.

Mama alitoka nusu saa baadaye. "Umeona safu zilivyokaa?" aliniuliza. Safu zipi? "Zulia. Jengo linatazama huku, kibla kiko huku." Akalaza viganja viwili, kimoja juu ya kingine, kisha akakisogeza cha juu kidogo tu. "Watu wote wamekaa mshazari. Nyumba nzima imenyooka, watu wamepinda. Sasa nikajiuliza, aliyepinda nani?" Kwa hakika mihrabu iko pembeni kidogo ya katikati, kwa sababu waliojenga kanisa hawakulenga Makka. Nililisoma jambo hilo kwenye simu usiku, kitandani. Nilipokuwa juu, lote likiwa wazi chini ya macho yangu, sikuliona.

Nilishuka peke yangu kwenye birika la chini ya ardhi lililo karibu; lina ngazi 52 na Mama alizikataa zote. Nguzo 336, maji, taa, na kule mwisho vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vilivyowekwa chini ya nguzo, kimoja kimepinduliwa, kingine kimelala ubavu. Nilikimbia. Siwezi kusema mengi kuhusu sehemu niliyopita kwa kukimbia.

Soko Kuu karibu nilikose kwa ujinga wangu mwenyewe. Njiani nilikuta kibao kimeandikwa Kapalıçarşı, na kwa kuwa asubuhi nilijifunza kwamba kapalı ni kufungwa, nikamwambia Mama turudi, na hapa pia wamefunga. Mama akatazama umati uliokuwa unaingia. "Hawa wote wanaingia wapi?" Kumbe kapalı ni iliyofungwa na pia iliyofunikwa, maana ya jina ni soko lenye paa. Humo mna vichochoro karibu 60 na maduka maelfu. Tuliona vichochoro vitatu. Magoti yalikataa cha nne.

Usiku nililala na kinyongo. Kati ya sehemu 14, tulikuwa na mbili na nusu. Jumatano tulitakiwa uwanjani saa sita, na kasri linafungua saa tatu. Nikamwambia Mama: tukiwa langoni mapema, tunakimbia kasri lote kwa saa moja na nusu. Akanitazama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikitaka kula huku nimesimama.

"Mimi nataka kupanda chombo," alisema.

Kwa hiyo saa moja asubuhi tulikuwa Eminönü, kwenye feri ya Kadıköy. Daraja la Galata limejaa wavuvi, fimbo zimeegeshwa mstari mzima, ndoo miguuni, samaki wadogo wa urefu wa kidole. Feri inatoka Ulaya inaingia Asia kwa kama dakika 20, na karibu kila mtu ndani anakwenda kazini. Msichana mmoja alikuwa anapaka wanja bila kioo. Mhudumu alipita na sinia la chai, bilauri ndogo zilizobanwa kiunoni, vipande viwili vya sukari kwenye kisosi. Mhudumu mwenyewe alikuwa mzee, ana mvi mpaka nyusi.

"Shikamoo," Mama akasema, chinichini.

"Merhaba," akaitikia mzee.

Tulikunywa tumeegemea ukingo. Shakwe walitufuata, wanaelea palepale usawa wa macho kama waliofungwa uzi. Nyuma yetu kasri lilikuwa limekaa juu ya kilima, kuta zote na minara yake, na kwa mara ya kwanza niliona lilivyo kubwa na kwa nini lilijengwa pale: maji pande tatu. Mama hakusema chochote. Alikuwa amenyoosha miguu yote miwili kwenye benchi.

Chombo kikagonga gati la Kadıköy, watu wakamiminika. Mama hakuinuka.

"Kinarudi hiki?"

"Kinarudi. Lakini inabidi tushuke, tugonge kadi upya."

"Kadi ina hela?"

Ilikuwa nazo. Tulishuka, tukagonga mara mbili, tukapanda kilekile, na Mama akaenda moja kwa moja upande wa pili, ule ambao tulikuwa hatujakaa.