Siku moja na wenye madeni, Dodoma

Saa 12:15 asubuhi. Upepo umeshaanza kupeperusha vumbi nikiwa nasubiri daladala Nkuhungu. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Ushauri wangu ni bure kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kusimama mahakamani kumtetea mtu siruhusiwi. Hiyo ni kazi ya wakili.

Saa 2:00. Mlangoni nimemkuta mama mmoja, fundi cherehani wa Chang'ombe. Alikopa laki 3 za vitambaa vya sare za shule. Mwezi ulipoisha akadaiwa 390,000, akashindwa. Jumamosi vijana wawili wakaja na bajaji, wakabeba cherehani.

"Wataniweka ndani, mwanangu?"

Polisi hawawezi kukuweka ndani kwa hili, mama. Deni la mkopo ni madai, si jinai. Hao wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa mitaani, wanataja polisi kwa sababu wanajua hofu inalipa haraka kuliko mahakama.

Nikaomba karatasi aliyosaini. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Haina namba ya leseni, na sehemu ya riba iliachwa wazi, ikajazwa baadaye kwa kalamu nyingine. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, wamewekewa na Benki Kuu kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 3 ni shilingi 10,500. Mama aliniomba nirudie hesabu hiyo mara tatu.

Neno dhamana nalo nililitafuta: cherehani haimo. Kukamata mali ya mdaiwa ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Na hata hukumu ingekuwepo, Sheria ya Mwenendo wa Madai inamwachia fundi zana zake za kazi, kitanda na vyombo vya kupikia. Tukaandika barua, nakala kwa mtendaji wa mtaa.

Saa 6:30 mchana. Mwalimu, mikopo mitatu. Mmoja wa wakopeshaji anashikilia kadi yake ya benki. "Nataka nijitangaze muflisi, yaishe."

Njia hiyo ipo. Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, inamruhusu mdaiwa mwenyewe kupeleka maombi Mahakama Kuu. Lakini mali zake zinatoka mikononi mwake ili wadai wagawiwe. Nilipomuuliza kuhusu kiwanja chake cha Ihumwa, alinyamaza kabisa. Nadhani kwa mtu mwenye mshahara hilo liwe la mwisho, tena akiwa na wakili. Tuliorodhesha madeni yote kwenye ukurasa mmoja, tukaangalia hati ya mshahara: makato lazima yamwachie theluthi moja. Kisha barua ya kuomba marejesho yapangwe upya, na ya kudai kadi.

Alikuwa pia anafikiria kuweka nyumba rehani. Nikamwambia nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke.

"Hajui chochote," akasema. Miaka miwili amebeba haya peke yake. Hilo liliniuma kuliko tarakimu zote.

Saa 9:00. Ofisini kwa mkopeshaji wameigonga barua ya mama muhuri. Cherehani, wanasema, kesho.

Saa 2:20 usiku. Ujumbe wa mwalimu: "Nimemwambia. Tunakuja wote." Nimewaandika saa 3 asubuhi, baada ya kwenda na mama kufuata cherehani.