Jinsi nilivyolipatia Kiswahili neno athwart

Kwa wiki tatu nzima nilihangaika na neno moja la Kiingereza, athwart, linalosemwa juu ya kitu kilichokaa au kinachopita kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ninaandika haya kwa furaha kwa sababu Kiswahili chake kilikuwepo muda wote kwenye mchanga wa Nungwi huku mimi nikikitafuta katika kamusi na kwa watu waliokuwa wakinishauri bila kuwahi kukanyaga ndani ya mashua.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri mwongozo wa usalama kwa mabaharia wa vyombo vidogo, kurasa zisizofika hamsini. Neno hilo lilijitokeza mahali pengi, na kila lilipojitokeza lilikuwa na sura yake. Mahali pamoja makasia yalitakiwa kulazwa athwart juu ya mashua. Mahali pengine baharia alikatazwa kutia nanga chombo kikiwa athwart katika mkondo wa kuingilia bandarini. Mbele kidogo alikatazwa kuendesha mashua athwart mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele kabisa, ya meli kubwa, na kwenye sura ya mwisho safari ya uokoaji ilisemwa kuwa dhoruba iliizuia, kwa kitenzi thwart, ambacho ni neno lile lile bila ile silabi ya mwanzo. Juu ya hayo, mbao wanazokalia wavuta makasia nazo ziliitwa thwart. Nilikuwa nimetafsiri kila moja kwa neno lake, na nilipoisoma rasimu yangu kwa sauti nilisikia watu watano wakizungumza vitu vitano.

Ushauri niliopewa ulikuwa mwingi. Programu ya kutafsiri iliniambia "kinyume", jambo ambalo lingempeleka baharia upande usiotakiwa. Mwenzangu mmoja alisema niandike "kupitia" na nisijisumbue. Mwingine, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alisema neno sahihi ni "mshazari", akaongeza kwamba mtu yeyote aliyesoma jometria analijua, nami nikamwamini kwa sababu lilikuwa na sura ya kitaalamu. Nikabadilisha rasimu yote. Mhariri wa waliotoa kazi akalipitisha bila swali, na kama ningeishia hapo, mwongozo ungechapishwa hivyo.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na orodha ya majina ya sehemu za chombo ambayo sikuwa na uhakika nayo, nikaona niipeleke kwa wenyewe. Nilipanda daladala ya Nungwi pale Darajani asubuhi, na gharama yote ya siku hiyo, nauli pamoja na chakula, haikufika elfu kumi na tano. Nungwi, huko ncha ya kaskazini ya Unguja, bado wanaunda majahazi na mashua kwa mkono ufukweni, na fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa mzee ambaye mbao zake zilikuwa zimejaa alama za kalamu ya risasi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa gogo la kukalia.

Nilipofika kwenye sentensi iliyosema ubao wa kukalia uwekwe kwa mshazari kati ya mbavu mbili za mashua, alinizuia kwa kiganja. Aliinama akaokota kipande cha ubao, akaenda kwenye mashua iliyokuwa haijamalizika, akakiegemeza ubavu wa kushoto karibu na omo na ubavu wa kulia nyuma kidogo ya katikati, kwa hanamu kabisa. "Hivi ndivyo ulivyoandika, mwanangu?" aliniuliza. Nilimwambia kwamba ndivyo. Akaniambia nishike ubavu mmoja nisukume, naye akasukuma wa pili, na ubao ukateleza mara moja kuelekea nyuma, ukaanguka ndani. Kisha akauokota tena akauweka sawasawa, ubavu kwa ubavu, ukiwa na pembe mraba na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, tukasukuma kwa nguvu zote na haukutikisika. Ndipo nilipoelewa kwa mikono yangu kwamba ubao ule si kiti tu, bali ndio unaozizuia mbavu zisikaribiane chombo kinapobanwa na maji, na kwamba mshazari ni mstari unaoinama, wala si mstari unaokata kutoka upande mmoja hadi wa pili. Neno nililoshauriwa kwa majivuno yale lingemfundisha mtu kuharibu chombo.

Hapo ningeweza kumuuliza tu, "Basi hili unaliitaje?" Lakini nimewahi kuona jinsi swali la namna hiyo linavyoharibu jibu: mtu huona karatasi mkononi mwako, akadhani unataka neno la kitabuni, akakupa neno la kitabuni. Basi nilifanya jambo ambalo hadi leo naliona ndilo bora katika kazi yote. Nilichora umbo la mashua kwenye mchanga mnyevu, ndefu kama mkono wangu, nikalaza kijiti kutoka ubavu hadi ubavu, nikauliza, "Kijiti hiki kimefanya nini?" Sikutaja neno lolote la kuelekeza. Mzee alijibu bila kufikiri: "Kimekingama." Nilifuta, nikahamia kwa mwanagenzi wake aliyekuwa akitia kalafati, yaani akiziba nafasi kati ya mbao, upande wa pili, nikachora upya, naye akajibu kwamba kimekingama. Mama aliyekuwa akianika dagaa alisema kimelala ubavu kwa ubavu, kisha akajisahihisha mwenyewe: "Kimekingama, kama gogo njiani." Kijana mvuvi alisema kimekatiza. Wa tano akasema tena kimekingama.

Jibu la yule kijana lilinikaa akilini. Nikarudi kwa wote watano na mchoro wa pili, ambamo kijiti hakikulala bali nilikipitisha kwa kidole mbele ya omo ya mashua kubwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Safari hii hakuna hata mmoja aliyesema kinakingama. Wote walisema kinakatiza, au kinakata mbele. Kumbe nilikuwa nikilitafuta neno moja mahali ambapo Kiswahili kina mawili, na kwa sababu nzuri. Neno athwart halibagui kati ya kitu kilicholala na kitu kinachopita, ilhali kukingama ni hali na kukatiza ni mwendo. Baharia anayesoma kwa Kiswahili anapata maelezo bayana zaidi kuliko yule anayesoma kwa Kiingereza. Anayetafsiri mambo ya bahari na akaona neno lake moja halikai vizuri kila mahali, asilaumu Kiswahili kabla hajauliza kama kitu kile kinasonga au kimetulia.

Kilichobaki kilikuwa kitenzi cha dhoruba. Tukiwa tunakunywa chai, mzee alilalamika kwamba bei ya mbao imekingamisha kazi yake ya mwaka mzima. Niliweka kikombe chini. Bila kuulizwa, alikuwa ametoka kwenye kijiti kilicholala kwenye mchanga akaenda hadi kwenye kazi iliyozuiwa, kwa shina lile lile, kwa kuongeza viambishi tu: kinga, kingama, kingamisha, mkingamo. Kiingereza nacho kilikuwa kimepita njia hiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani nikaifuatilia historia ya neno la Kiingereza, na nikafurahi kuona lilifika Uingereza na watu wa bahari. Waskandinavia waliovamia visiwa vile tangu mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakalowea, walikuwa na neno thverr katika lugha yao ya kale, lenye maana ya kilichokingama, na umbo lake thvert ndilo Waingereza walilolichukua. Katika karne ya 13 lilikuwa tayari limekuwa kitenzi cha kumzuia mtu asifikie alichokusudia. Silabi ya mwanzo ya athwart, iliyoungwa baadaye, katika karne ya 15, ni ile ile inayoonekana katika maneno yao ya kuwa pwani, kuwa chomboni na kuelea. Kijerumani kina jamaa yake, quer, na Kiholanzi kina dwars. Kidenmaki kina tvær, linalotumika pia kwa mtu aliyenuna, na Kiingereza cha kale chenyewe kilikuwa na thweorh, lililosemwa juu ya kitu kilichopinda na juu ya mtu mkaidi. Kilicholala njiani kimekuwa kizuizi, na kizuizi kimekuwa tabia ya mtu. Sisi tunalijua jambo hilo kila siku tunaposema kizingiti: ni ubao uliokingama mlangoni, na ndiyo maana ugumu wowote katika shughuli huitwa kizingiti.

Nilipata pia kuelewa mahali ambapo waandishi wa Kiingereza hulitumia neno hili likiwa na maana zote mbili kwa pamoja. Katika sehemu ya kwanza ya tamthiliya ya Shakespeare juu ya Mfalme Henry wa Nne, inasimuliwa kwamba baraza lilikuwa likipanga safari ya kwenda nchi takatifu, na tarishi kutoka Wales akaingia athwart akiwa na habari nzito. Mtu amekatiza barazani, na papo hapo mpango umekingama. Mwaka 1955 Mmarekani William F. Buckley, alipoanzisha jarida lake la kihafidhina, aliandika kwamba jarida hilo linasimama athwart mbele ya historia likipiga kelele kwamba isimame. Hilo mtu angeweza kulitafsiri kuwa "limeikingama historia", na sura ya gogo njiani ingebaki nzima, jambo ambalo "kupinga" lisingeliweza.

Mtego mmoja nusura uninase. Kwa kuwa mbao za kukalia hukingama, nilikuwa nimeandaa maelezo kwamba jina lake la Kiingereza limetoka moja kwa moja kwenye neno hili. Haikuwa hivyo. Wavuta makasia wa Kiingereza cha kale walikuwa na neno lao la benchi, thofte, lenye asili nyingine kabisa, na ni baadaye ndipo matamshi yake yalipovutwa na thwart kwa sababu mbao zile kweli zimekingama. Niliyafuta maelezo yangu, nikaandika "ubao wa kukalia" mwongozo mzima. Yeyote anayeona maneno mawili yamefanana sura na kazi, ayachunguze kabla ya kuyaita ndugu.

Basi rasimu ya mwisho ikawa hivi: makasia hukingama, chombo hakitiwi nanga kikiwa kimekingama katika mkondo, mashua haikatizi mbele ya omo ya meli, na dhoruba imekingamisha uokoaji. Mhariri aliandika pembeni kwamba anapendelea mshazari kwa kuwa ni neno la kisasa. Nilimjibu kwa ukurasa mzima, na mchoro wa ubao ule uliokuwa ukiteleza, akakubali.

Mwezi uliofuata nilikwenda tena Nungwi, nikamsomea mzee akiwa anapiga randa: "Makasia yakishaingizwa chomboni, yalazwe yakiwa yamekingama juu ya mbao za kukalia." Hakuinua kichwa wala hakusimamisha randa. "Haya," alisema, "nisomee inayofuata."