Rafu ya Juu ya Meko Yetu, Kabale

Juu ya meko ya sebuleni kwetu kuna vitu vitano tu. Zamani vilikuwa 31. Idadi naijua kwa sababu binti yangu alivihesabu siku tulipovishusha vyote na kuvitandaza sakafuni juu ya magazeti. Kutoka 31 hadi vitano imenichukua miaka mingi, na sioni uchungu wa hata mmoja wa miaka hiyo.

Tuliingia nyumba hii mwaka 2011. Ni nyumba ya zamani, ya matofali, yenye dohani. Kabale, mji wa kusini magharibi mwa Uganda, iko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai ukungu hauondoki mabondeni kabla ya saa tatu asubuhi. Majirani wengi huota moto wa sigiri. Mimi sigiri ya makaa sikubali ilale kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Kwa hiyo nilipoona meko yale, na juu yake ubao mmoja mnene wa futi sita na nusu, nilimwambia Baba Neema, "Hapa hapa." Hata vyumba vya kulala nilikuwa sijavitazama.

Haraka ile ndiyo iliyoniponza. Wiki ya kwanza tu nilijaza ubao wote: picha za harusi, saa ya mezani, vikombe vya michezo vya watoto, vyeti vyao, maua ya plastiki, na chini ya kila kitu kitambaa cha kufuma kwa mkono. Moto ulipowashwa wiki tatu mfululizo, maua yalijikunja petali moja baada ya nyingine, na kingo za vitambaa zikageuka rangi ya chai. Moshi nao ulirudi ndani kila jioni, ukapaka ukuta kivuli cheusi chenye umbo la mwavuli.

Nilipaka rangi ukuta ule mara mbili kabla ya kukubali kwamba tatizo halikuwa ukuta. Ukitaka kupamba meko, tibu dohani kwanza. Fundi alipanda juu ya paa, akatoa kiota cha kunguru, vijiti na masizi, gunia moja na nusu. Akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia: hewa baridi iliyolala ndani ya dohani ni nzito, inausukuma moshi chini, kwa hiyo kabla ya kuwasha kuni unakunja gazeti, unaliwasha na kuliinua kwenye koo la dohani mpaka usikie mvuto. Mvuto huo una sauti yake, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Kuni nazo tulikuwa tunachoma mikaratusi mibichi. Sasa zinakaa bandani mwaka mzima kabla hazijaingia ndani.

Baada ya hapo nikaugeukia ubao wenyewe. Ulikuwa na rangi nne, moja juu ya nyingine: krimu, kijani, nyeupe, na chini kabisa kahawia. Rangi za nyumba za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, kwa hiyo sikuzisugua zikiwa kavu. Niliwapeleka watoto kwa jirani, nikalowesha, nikaparua polepole kwa kipande cha kioo kama wanavyofanya maseremala wetu, kisha nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio. Siku ya tatu mbao yenyewe ikajitokeza: mvule. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyoiva, na mistari myembamba ikikimbia kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Nilikaa sakafuni nikiitazama tu. Vumbi la mvule linawasha pua na macho vibaya, funga kitambaa usoni hata ukifanya kazi ya dakika kumi. Nilimalizia kwa mafuta ya kitani, mara tatu, na tangu hapo sijautandikia kitambaa cha kufuma tena. Ubao wenyewe ni pambo.

Cha kwanza kupanda juu kilikuwa chombo cha maziwa cha mama mkwe. Yeye ni Mnyankole wa kwao Mbarara, na alipokuja kututembelea alikileta kimefungwa kwenye khanga: ekyanzi, kile chombo cha mbao kilichochongwa kutoka gogo moja, cheusi kwa miaka ya kufukizwa, chenye kifuniko cha kusuka kinachochongoka kama paa la msonge. Nilikiweka katikati, juu ya moto kabisa. Alikitazama usiku kucha bila kusema neno, na asubuhi akaniambia taratibu, "Mwanangu, hiki hakikai juu ya moto. Mbao ikikauka inapasuka." Akakisogeza mwenyewe mpaka ncha ya kulia, mbali na mdomo wa meko. Ukifunua kifuniko mpaka leo inatoka harufu ya moshi wa nyasi na, kwa mbali sana, maziwa. Wageni wote huwa nawafunulia wanuse.

Kutokana na maneno yake nilianza kuupima ubao kwa kiganja. Moto ukishawaka kwa muda wa saa mbili, naweka mkono juu ya mbao na kuhesabu. Mahali ambapo siwezi kufika 30 bila kuondoa mkono, hapawekwi kitu kinachoyeyuka, kinachopasuka wala kinachoungua. Kwetu ni kama futi mbili za katikati. Mishumaa nimeihamishia mezani.

Gome la mutuba, yaani kitambaa kinachotengenezwa kwa kupondaponda gome la mti huo, lilinifundisha zaidi ya vyote. Nililinunua safarini, njia ya Masaka, kipande cha rangi ya udongo mwekundu, laini kama ngozi ya suedi, na mishono midogo pale fundi alipoziba matundu. Nililitandika ubaoni, nikapanga chupa na vyungu juu yake. Siku moja akaja mama mmoja mzee, Muganda, shangazi wa rafiki yangu. Alipoliona alinyamaza, kisha akaomba ruhusa kusema. Akanieleza kwamba kwao gome hili ndilo wanalowafunikia wafu wao, na Kabaka, mfalme wao, huvikwa siku ya kutawazwa. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, liinue. Lisikaliwe na chupa."

Nilijua kwamba UNESCO iliutangaza ufundi wa kutengeneza gome hili kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2005, niliwahi kusikia redioni, lakini kujua hivyo hakukunizuia kuliwekea vyungu. Maneno ya yule mama ndiyo yaliyonizuia. Wiki hiyo hiyo nikampelekea seremala, akaliwekea fremu na kioo. Sasa liko ukutani, na hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinakosekana siku zote: kitu kimoja kikubwa cha kuyashika macho. Fremu ina upana wa theluthi mbili za ubao, na kati ya ukingo wake wa chini na mbao nimeacha vidole vinne tu. Mwanzo niliitundika juu zaidi, ikawa kama imeachwa peke yake na vitu vilivyo chini haviihusu. Kuishusha kulibadilisha chumba kizima. Dirisha liko upande mwingine, kwa hiyo jua haliligusi gome, maana jua hulififisha.

Nizungumzie jiwe. Nilizaliwa Kilembe, kwenye kambi za mgodi wa shaba, ambako watu wa makabila mengi waliishi mlango kwa mlango na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956 na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baba alifanya kazi humo mpaka mwisho, akaondoka na jiwe moja la ukubwa wa embe. Lina vipande vinavyometa kama dhahabu, na upande mmoja limeota kijani cha kutu ya shaba. Mama alilitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Mei 2013 mto Nyamwamba ulipofurika, nyumba ilijaa tope mpaka madirishani. Mama alisalimika. Albamu za picha zilikwenda zote. Kaka yangu alipokuwa anakoroga tope kwa koleo, akalipata jiwe pale pale nyuma ya mlango.

Picha ya Baba iliyobaki ni moja, kwa sababu nilikuwa nayo mimi huku Kabale. Iliposimama ubaoni katikati ya picha nyingine ishirini, haikuonekana. Hiyo ndiyo sababu ya siku ile ya kushusha vitu vyote 31. Ubao ulikaa mtupu juma zima, kisha nikawa narudisha kitu kimoja kila Jumamosi, na nikiona jicho halitulii, nakitoa. Vyeti vilihamia ukumbini, ambako watoto wanavipita kila siku. Picha za harusi ziko chumbani kwetu. Sasa Baba yuko kushoto, jiwe liko mbele yake kidogo, likiufunika ukingo wa fremu yake kwa inchi moja, ili viwili hivyo vionekane kuwa kimoja. Kisha nafasi tupu, ndefu. Kisha ekyanzi peke yake kulia. Nafasi ile tupu watu wengi wamejaribu kunijazia, na wote nimewashukuru na kuwakatalia.

Ukihesabu na gome la ukutani, cha tano ni jagi la udongo pembeni ya ekyanzi, na hicho ndicho kinachobadilika. Mtama ukivunwa naweka masuke yake mekundu. Mwaka wa kwanza yaliingia fukusi, unga ukawa unadondoka kwenye mbao kila asubuhi, kwa hiyo siku hizi nayaanika juani siku nne kabla hayajaingia ndani. Nje ya msimu wa mtama naweka matawi ya mkaratusi, na moto ukipasha chumba yanatoa harufu inayofungua kifua.

Mwaka jana Mama alikaa nasi mwezi mzima. Kila jioni alilishusha jiwe, akalishika mapajani akiota moto, na kulirudisha juu kabla ya kulala, kila siku mahali tofauti kidogo. Sikulisogeza hata mara moja. Fundi wa dohani anakuja Jumamosi hii, maana Juni imekaribia na Mama ameshapiga simu kwamba anakuja tena.